Kijiti Cheusi cha Ndani ya Radio ya Mama

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo haijatoka machoni mwangu mpaka leo. Mama yangu amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni, pale Mubi, mashariki ya Kongo, radio iko mapajani, anaizungusha kidogo kidogo kama mtu anayemgeuza mtoto mgonjwa, na radio haisemi. Inapumua tu. Anazungusha tena. Inapumua. Mimi nimesimama nyuma yake na maji ya kunawa.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi nimesikia kuna mtu anapita tena vijijini na sumaku mkononi, anatafuta radio za zamani na televizyo zilizokufa, anasema ndani yake kuna mali. Mimi sikusoma sana. Vita ilifunga shule nikiwa bado primere. Lakini mtu huyo namfahamu. Jina linabadilika, kazi ni ile ile.

Tulifika Mubi tukikimbia kutoka Bihambwe, upande wa Masisi. Maharage yalikuwa yamekomaa shambani, tuliyaacha yamesimama. Papa, baba yangu, alisema anafungua mbuzi kisha anatufuata. Hakutufuata. Njiani watu walikuwa wengi, na risasi zilipolia upande wa mlimani kila mtu aliingia porini kivyake. Tulipokusanyika tena, mdogo wangu Bahati hakuwepo. Alikuwa mdogo, wa kubebwa akichoka. Tulimwita mpaka sauti zikakauka, kisha wenye bunduki wakasogea na ikabidi tuendelee. Sema unavyotaka, mwanangu. Tuliendelea.

Jambo moja tulikuwa tumemfundisha, kama wazazi wote walivyofundisha watoto wakati ule: akiulizwa, ataje jina lake, la mama yake, na la kijiji. Alikuwa akilisema kama wimbo: "Mimi ni Bahati ya Mama Nyota wa Bihambwe." Basi mama alishika tumaini hilo. Kulikuwa na station moja iliyosoma majina ya watoto waliookotwa: jina la mtoto, la mzazi, na mahali mtoto alipo. Kule Mubi FM haikufika. Station ile ilitujia kwa ondes moyennes tu, yaani mawimbi ya kati, alfajiri, na jua likishapanda inazama.

Radio yetu ilikuwa ndogo, tuliibeba na sufuria moja na blanketi. Mama hakujua kusoma, lakini radio ile aliijua. Ilikuwa na upande wake. Ikilala hivi, sauti inakuja. Ukiigeuza kichwa kiangalie mlango, sauti inakufa. Kila alfajiri aliilaza vizuri, akanyamaza, na nyumba yote ikanyamaza naye. Majirani waliopoteza watoto walikuja kukaa nje ukutani. Jina lilipotajwa la mtoto wa mtu, mtu huyo alipiga kelele, na sisi wengine tulimfurahia huku tumemeza mate machungu.

Sasa ndipo akaja Deo Kofia. Walimwita hivyo kwa sababu ya kofia yake ya ngozi, hata jua likiwa kali hakuivua. Alikuja na kamio, motokari ya mizigo, akasimama mbele ya duka la Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mtu wa misa kila Jumapili na wa maneno mafupi. Mubi watu wanachimba mawe ya koltan, wanaosha mchanga, kila kijana anajua sumaku: wanaipitisha juu ya mchanga ili itoe ule mweusi wa chuma, mawe mazuri yabaki. Kwa hiyo Deo alijua atawakamatia wapi. Alifungua radio moja iliyovunjika, akatoa kijiti cheusi kilichozungushwa nyaya nyembamba za shaba, akakisogezea sumaku. Ta! Kikaruka kikashika.

"Munaona?" akasema. "Hii njo bazungu banaficha ndani ya radio. Iko mali kupita koltan. Munakalia mali mu nyumba, munalia njala!"

Vijana wakasukumana. Papa Kambale alikuwa mlangoni mwa duka, kalamu sikioni.

"Kaka Deo," akasema, "sumaku yako inakamata hata misumari ya nyumba yangu. Nibomoe nyumba nikuuzie?"

Watu walicheka. Deo naye alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote, kisha akasema, "Papa, weye uko na duka. Hawa bako na nini?" Na kicheko kikaisha hapo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa vijiti hivyo alitoa chumvi, sabuni, buti za plastiki za kuingia shimoni. Wiki ile Mubi ilisikika kama jikoni, watu wanagonga radio kwa nyundo. Zilizokufa zilianza, kisha zile nzima. Nataja jina la pili hapa: Ajida Pepe, mkubwa wa bariere, kile kizuizi cha wenye bunduki barabarani. Yeye alimpitisha Deo na magunia yake na alichukua sehemu yake kwa kila gunia. Lakini radio yake mwenyewe hakuivunja. Wakati vijiti vyote vya Mubi vinaingia guniani, radio ya Ajida ilikuwa inaimba pale bariere. Basi alijua.

Mama alikuwa ameenda kutwanga mihogo ya watu. Mimi nilikuwa mtoni. Mjomba wangu Safari, mdogo wake mama, ndiye aliyebaki nyumbani. Alifungua radio kwa kisu, akakata nyaya, akatoa kijiti, akafunga radio tena vizuri kabisa, hata huwezi kujua. Ndiyo sababu ya asubuhi ile niliyokuambia, mama akizungusha na radio ikipumua.

Alidhani ni mawe ya radio, yaani betri, yamekwisha. Akaazima mengine. Ikapumua vile vile. Ndipo mimi nikamwangalia mjomba, naye akaangalia chini.

"Safari," mama akasema, polepole, "umefanya nini?"

"Deo aliniahidi nafasi mu kamio yake, dada. Niende mpaka Masisi, nimutafute Bahati kwa macho. Kukaa tu tunasikiliza, tunasikiliza… Niliona bora niende."

"Na kamio iko wapi?"

Kamio ilikuwa imeondoka jana yake.

Mama hakumpiga wala hakumtukana. Alipitisha mkono juu ya radio kama anaipangusa vumbi. Mimi ndiye niliyewaka. Nilitoka mbio naelekea bariere. Nilitaka kumtaja mjomba kwa Ajida Pepe, niseme ni mwizi, niseme anapelekea maadui habari, chochote, ili wamchape mpaka asiweze kusimama. Papa Kambale aliniona napita, akatoka dukani akanishika mkono.

"We Sifa, unakimbilia wapi?"

"Kwa Ajida. Bamuchape Safari!"

"Bakimuchapa, radio itasema?" Hakuniachia mkono. "Sikiliza, binti. Pale bariere jina linaingia, halitoki. Leo utabapa la mjomba. Kesho batakuuliza la baba ya fulani. Kesho kutwa batakuja kuchukua lako bila kuuliza. Uko na uchungu, iko haki yako. Lakini hauwezi kutafuta mutoto mumoja kwa kumutupa mwingine."

Nililia palepale mbele ya watu wa soko. Kisha tukarudi naye nyumbani.

Mjomba alikuwa ameshatia msumari mahali pa kijiti, amezungusha zile nyaya juu yake. Kwake ilikuwa sawa: sumaku inashika msumari, sumaku inashika kijiti, basi ni ndugu. Radio ilipumua tu. Papa Kambale, aliyewahi kuuza radio nyingi huko Butembo na kukaa na mafundi wake, alitueleza. Kile kijiti si chuma kama msumari. Ni kutu ya chuma iliyosagwa ikawa unga, ikachanganywa na unga wa madini mengine, ikakandamizwa, ikachomwa kwenye moto mkali mpaka ikakauka kama chungu. Wanakiita ferite. Sumaku inakivuta, ndiyo, lakini umeme haupiti ndani yake. Mawimbi ya station yakifika kinayakusanya na kuyapeleka kwenye zile nyaya. Msumari nao unayapokea, lakini umeme unazunguka ndani ya mwili wake, unakula yale mawimbi, kwenye nyaya hakifiki kitu. Hata sumaku ya Deo, ile iliyotolewa kwenye sipika, ni kutu iliyochomwa vivyo hivyo, ila ile imetengenezwa ishike na isiachie. Kijiti kinashika na kuachia hapohapo, mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu.

"Basi Deo anakipeleka wapi?" mjomba akauliza.

"Kwa watu batamucheka," Papa Kambale akasema.

Siku zilizofuata mama alikwenda bariere alfajiri, akaomba kusimama tu kando, asikie majina. Ajida Pepe alimwangalia, akaizungusha radio yake mpaka kwenye muziki, akaongeza sauti. Mwanangu, mtu huyo alikuwa na bunduki na cheo, na alichofanya na mkono wake ni kuzungusha kidude kidogo. Nimeona maiti wakati wa vita. Lakini nikifumba macho, ni ule mkono ninaouona.

Deo naye alirudi, kofia mkononi kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wa mawe walimcheka mbele ya watu. Kwa hasira alimwaga magunia yake mtaroni, nyuma ya maegesho ya makamio, na ferite ikianguka inavunjika kama sahani. Tulikwenda, mama, mimi na mjomba, tukachambua kwenye matope. Hatukupata kijiti kizima. Tulipata vipande. Papa Kambale alivipanga vikakutana vizuri, akavishika kwa utomvu wa mti uliopashwa moto, akafunga kwa uzi, akazungusha nyaya upya. Radio ikaongea. Kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto, lakini ikaongea. Mjomba alitoka nje, tukasikia analia huko.

Mama alisikiliza, alfajiri baada ya alfajiri. Majina yalikuja ya wengine. La Bahati halikuja.

Halafu akapita mama mmoja aliyetembea kutoka Burungu, na mzigo wa nguo kichwani. Tulimpa maji. Alipomsikia mama anaitwa Nyota, alishusha chombo.

"Weye njo Mama Nyota wa Bihambwe? Lakini mutoto wako walimusoma! Walisoma, walisoma, hata sisi tukasema, huyu mama alishamupata, ao alishakufa. Walisema iko Sake, kwa nyumba ya watoto."

Walimsoma wakati ule radio yetu inapumua.

Tuliondoka, tukapita tulipopita, tukafika Sake. Mlezi wa nyumba ile ya watoto alitusikiliza amesimama. Alisema walisoma jina mpaka wakachoka. Alisema vita ilipokaribia waligawa watoto kwa familia zilizokuwa zinakimbia, ili wasife pamoja. Bahati alichukuliwa na mwanamke mmoja mpole aliyekuwa na mtoto mwingine mgongoni. Jina la mwanamke? Hakulijua. Upande gani? Alionyesha barabara. Barabara ilikuwa imejaa watu.

Hatujampata mpaka leo. Mama aliendelea kusikiliza hata baada ya station ile kuacha kusoma majina. Alikufa miaka mingi baadaye, na mjomba Safari ndiye aliyemchimbia kaburi, hakutaka mtu mwingine ashike jembe.

Basi niwataje, kwa sababu mtu asiyewataja anawaacha waendelee kupita. Deo Kofia alisema uongo na alijua kuwa hajui. Ajida Pepe alijua, akala. Safari alitenda kwa upendo na kwa haraka, na madhara yake yalikuwa sawa na ya wale wawili; yeye nimemsamehe, wao sijawasamehe, na padri aseme anavyotaka. Nawataja hapa, kwenye karatasi, ambapo hakuna atakayepigwa. Papa Kambale alinizuia nisitaje mahali pengine, na kila mwaka namshukuru zaidi.

Wewe, mwanangu, shika haya. Mtu akija kwako na jaribio moja tu, akakuonyesha kitu kimeruka kikashika, muulize kinafanya kazi gani pale kilipo kabla hujakitoa. Usipime kitu cha nyumbani kwa macho ya mnunuzi. Usiharibu kile kinachokuletea habari za watu wako, hata ukiahidiwa kwenda kuwaona, kwa maana ahadi inaweza kuondoka na kamio yake, na sikio haliwezi kurudi nyuma kusikia lililopita. Ukiwa na haraka ya kuokoa, keti kwanza na yule anayesubiri pamoja nawe, mwambie unachotaka kufanya. Mama angemzuia Safari kwa neno moja. Hakuulizwa. Na hasira yako usiipeleke kwa mwenye bunduki akutumie.

Mungu akulinde na barabara iliyojaa watu. Akupe nyumba usiyoikimbia na maharage utakayoyavuna mwenyewe. Na ikitokea siku moja jina lako linaitwa mahali usipojua, awepo mtu aliyeamka mapema, amenyamaza, anakusikiliza.