Siku Kompyuta ya Ndege Iliponivua Nguo Chuno

Habari hii nimeombwa kuisimulia sokoni, msibani, hata kwenye foleni ya dawa za miguu, na kila anayeniomba tayari anaijua, anataka tu kuona uso wangu unavyojikunja. Basi naiandika mwenyewe, mkishaisoma mniache. Mimi Bi Hadija wa hapa Chuno, niliyelea watoto na wajukuu kwa kuwakazia jicho tu, nilijivua nguo mbele ya wakwe, majirani na wapishi, kwa kidole changu mwenyewe, herufi moja moja, na watu walikuwa wananishangilia.

Yote yalitokana na ubishi wa kompyuta (ndiyo, kompyuta, na umri huu, chekeni mmalize).

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi fulani, na fundi wa mjini aliitazama akaniambia kwa upole mkubwa, "Bi mkubwa, hii weka juu ya beseni la unga wa maandazi, itakandamiza vizuri." Mjukuu wangu Zaituni, aliyesomea mambo hayo chuoni, akaichukua, akaondoa ndani yake ule mtambo unaotumiwa na watu wote, akaweka mwingine unaitwa Linaksi, ambao alama yake ni ndege mnene, kifua cheupe na mgongo mweusi kama bwana harusi aliyeazima suti. Mimi nikaiita kompyuta ya ndege, na toka siku hiyo ikawaka kama ina miaka miwili.

Msidhani niliipenda kwa upofu. Niliipima kama wanavyopima korosho ghalani, unaipasua uone ndani. Ubaya wake naujua. Hakuna fundi anayeijua mji mzima, ukiipeleka wanaikodolea macho kama mbuzi aliyepelekwa kwa fundi cherehani. Ukiandika barua humo ukaipeleka steshenari kuchapa, mistari inakimbiana. Wajukuu wadogo wanalalamika michezo yao haimo (wakafagie uwanja, huo nao mchezo). Lakini uzuri wake je? Haikuombi hela. Haikwambii "subiri, usizime" wakati una shida zako. Na zaidi ya yote, siku moja Zaituni alipeleka flashi steshenari, ikarudi na ugonjwa, picha zote za marehemu mama yake, binti yangu Zuhura, zikageuka vitu visivyofunguka. Kwenye kompyuta za watu wote tulijaribu tukakoma. Tukaichomeka kwenye ya ndege, picha hizo hapo, zote, Zuhura anacheka. Nikasema basi, ndege huyu ni wa nyumba hii.

Tena ana adabu, kila jambo anataka neno la siri kwanza. Nilipenda sana. Nyumba isiyopigwa hodi ni kijiwe.

Zaituni akaniambia, "Bibi, chagua maneno marefu kidogo, usiyoweza kuyasahau hata ukiamshwa ghafla. Na usimtajie mtu, hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Bibi. Ndiyo siri hiyo."

Sasa mimi ni kitu gani nisichoweza kukisahau hata nikiamshwa ghafla? Sikuwaza mara mbili. Wiki ileile walikuwa wamekuja watu wa Mikindani kumposa Zaituni, wakiongozwa na Bi Somoe, bibi wa huyo kijana anayeposa, mwanamke wa maneno machache na bangili nyingi. Nikachinja jogoo. Nanyi mnajua, kuku akiingia mezani firigisi ni ya baba mwenye nyumba, haiguswi, hata mtoto anayetambaa anajua. Mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, mwenye nyumba ni mimi, kwa hiyo firigisi ni yangu, imekaa hapo juu ya mchuzi inanitazama. Bi Somoe akanawa, akasema bismillahi, mkono wake ukapita juu ya mapaja, ukapita juu ya kidari, ukatua kwenye firigisi, ukaondoka nayo. Kwangu. Mbele yangu. Akatafuna huku anasifia ukarimu wetu.

Mimi nina heshima. Nikaenda chumbani nikaandika kwenye kompyuta: somoekalafirigisi. Kwa pamoja, bila nafasi. Na kila asubuhi nilipoifungua kompyuta, roho yangu ilitulia kidogo kama mtu aliyekunywa maji.

Mwaka ukaisha, ikaja sherehe ya kumuaga Zaituni, hii wanayoita sendofu, maana siku hizi binti haendi kwa mumewe mpaka akodishiwe viti. Zaituni alitaka jambo moja tu, kabla hajatoka mbele ya watu zioneshwe picha za mama yake kwenye shuka jeupe, ili mama naye awepo. Msema chochote wetu, yaani mshereheshaji, alikuwa Chidi, kijana wa mtaani, mdomo kama redio iliyopotea kitufe. Akaja nyumbani kwa nia njema kabisa.

"Bi mkubwa, nipe flashi tu, picha nitazionesha kwenye kompyuta yangu."

Hapo ndipo ningesema "haya baba, chukua" na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini ubishi!

"Kompyuta yako ni gesti, Chidi," nikamwambia. "Flashi zote za mjini zimelala humo. Picha za marehemu binti yangu hazilali gesti. Tutatumia yangu."

"Hiyo ya ndege? Inatumiwa na nani tena mji huu?"

"Na mimi. Sitoshi?"

Zaituni akajaribu kunituliza, "Bibi, mwache atumie yake, watu wote wameizoea."

"Watu wote wamezoea na malaria," nikajibu, nikajiona nimesema.

Siku ikafika. Baada ya magharibi turubai limejaa, wapishi nyuma wanapakua, watu wa Mikindani wamekaa mbele kwa sare ya kanga, na katikati yao Bi Somoe na bangili zake. Kompyuta yangu juu ya stuli, imetandikwa kitambaa cha kufuma, mwanga wa projekta unapiga kwenye shuka jeupe kubwa kama tanga. Ilikuwa tayari, kilichobaki ni Chidi kunyamaza. Hakunyamaza. Akasalimia watu mmoja mmoja, akasifu pilau ambalo hajalila, akaimba, mpaka kompyuta ikachoka kumsubiri ikajifunga yenyewe (na mimi ningekuwa kompyuta ningejifunga). Chidi, kwa mazoea yake ya ile ya watu wote, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaufikisha ule mtambo mahali ambapo unataka kwanza jina la mtu, siyo neno la siri. Yeye hakujua. Mimi nilijua kidogo kuliko yeye.

"Bi mkubwa, inataka neno lako. Nitajie niandike."

"Siri haitajwi. Sogea."

Nikasogea mwenyewe. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja, macho yameganda kwenye vitufe nikitafuta herufi kama mtu anayechagua mchele. Shuka liko mgongoni mwangu. Neno la siri likiandikwa huwa linatokea vidoto tu, nami sikuwa na wasiwasi hata chembe. Sasa pale pa jina hakuna vidoto. Pale pa jina kila herufi inatoka wazi, na kwenye shuka kila moja ilikuwa kubwa kama beseni.

Nikabonyeza S. Watoto wakasoma kwa sauti, "Esi!" Nikabonyeza O. "Oo!" Nikajisemea, kumbe watu wanapenda kuona mtu mzima aliyesoma. Nikaongeza mwendo. Ilipotimia SOMOE turubai zima likalitamka, wanawake wa Mikindani wakapiga vigelegele, na Bi Somoe mwenyewe (hili nilihadithiwa baadaye, na bado naliota) akainuka kitini akatikisa mabega, akidhani nimemwandalia heshima.

Nikaendelea. K, A, L, A. Vigelegele vikapungua. Mtu akauliza, "Kala nini?" Mimi nikadhani wanagombana na wapishi.

F. I. "Figo!" akapiga kelele mmoja. "Fisi!" akasema mwingine, na watu wakacheka, na mimi nikatabasamu na vitufe vyangu. R. I. Kicheko kikaanza kufa. G. I. Ukimya. S. I. Ukimya wa makaburini, hata Chidi. Nikabonyeza kitufe kikubwa kwa madaha, nikajinyoosha nipokee makofi yangu, nikaona macho yote yako nyuma yangu, nikageuka.

Jamani.

Lilikuwa limejaa shuka zima kama kibao cha duka. Mbele yake Bi Somoe amesimama, mabega yameishia hewani. Watu wake wakaanza kukusanya mikoba. Na kwenye mlango wa nyumba akatokea Zaituni, amerembwa upande mmoja, anasoma.

"Bibi," akasema, "hapa unanioza au unaniachisha?"

Nikatembea mpaka alipo Bi Somoe.

"Nisomee, mwenzangu," akaniambia, "miwani nimeiacha Mikindani."

"Umeshasoma, Bi Somoe."

"Kumbe toka siku ile unafungua kompyuta kwa mdomo wangu?"

"Kila asubuhi."

"Kisa firigisi!"

"Firigisi ni ya baba mwenye nyumba," nikasema, na mpaka hapo bado nilikuwa nabisha, mniombee. "Mume wangu hayupo, ni yangu mimi. Ukainyanyua mbele ya macho yangu."

Bi Somoe akanitazama. Bangili zikaacha kulia.

"Na kwangu mimi baba mwenye nyumba nani? Toka nimzike mume wangu, kuku akitua mkekani mkono wangu unakwenda wenyewe. Siku ile sikukumbuka hata kama niko kwa watu."

Mwaka mzima namsema mwanamke kwa jambo ninalolifanya mimi mwenyewe kila nikichinja kuku.

"Nisamehe, mwenzangu," nikasema, na neno hilo kulitoa lilikuwa zito kama gunia.

"Wajane wawili, jogoo mmoja," akasema, akaketi, na watu wake nao wakaketi. "Ungechinja wawili, mchoyo wewe. Haya, fungua hizo picha, mtoto asilie akaharibu wanja."

Nikarudi kwenye stuli. Chidi safari hii akanionesha pa kuandikia, vidoto vikatoka vizuri, lakini vya kazi gani, turubai zima lilikuwa linaniitia herufi, na Bi Somoe ndiye aliyeongoza. Kisha Zuhura akatokea kwenye shuka, yuko shambani Mpapura chini ya mikorosho, Zaituni mchanga mgongoni, anacheka. Nikamsikia Bi Somoe anasema taratibu, "Kumbe Zaituni kafanana naye hivi."

Siku ya harusi, huko Mikindani, akaniletea sahani imefunikwa kawa. Nikaifunua mbele ya umma. Firigisi tupu, zimejaa mpaka ukingoni, sijui amechinja kuku wa nani. "Kula yote," akasema, "usije ukaniandika tena." Nikala yote. Alisimama pale akahakikisha.

Sasa wako wanaosema kosa ni la ile kompyuta, ningetumia ya watu wote. Uongo. Ndege alifanya kazi yake, picha zilikuwa salama, siri aliitunza mwaka mzima, niliyeitoa nje ni mimi. Ila nimeapa, sitaandika tena kinyongo changu popote penye umeme. Neno la siri nimebadili, na safari hii ni jambo jema, la amani, msiniulize. Ingawa pilau la Bi Somoe siku ya harusi lilikuwa na mchanga, na mimi kitu kama hicho huwa sikisahau, hata nikiamshwa ghafla.