Mlango wa Mwalimu

Corinne Haddow ni jirani yangu, ikiwa watu waliotenganishwa na kilomita tisini za vumbi jekundu wanaweza kuitwa majirani. Huku kwetu wanaitwa hivyo. Namwona kwa macho mara chache kwa mwaka, kwenye mbio za farasi na kwenye mazishi, lakini sauti yake naijua kuliko ya mume wangu. Sote wawili tunawafundisha wanetu nyumbani, na simu ndiyo baraza letu.

Alikuja ranchi ya Kalloran akiwa mke mpya wa Stuart, binti wa mjini aliyezoea kusikia watu wakipita dirishani. Dirishani kwake sasa hupita mbwa, na mara moja moja ndama aliyefiwa na mama yake. Stuart ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ila akienda kuswaga ng'ombe hurudi baada ya juma, na akirudi hula na kulala. Kukaa na watoto watatu katika ukimya ule kunataka moyo wa chuma, na wa Corinne ni wa nyama kama wangu.

Mkubwa wao ni Imogen, ambaye mwaka huo alikuwa anamaliza masomo ya nyumbani ili Januari aende shule ya bweni, kama watoto wote wa huku wakifika umri wake. Wa kati ni Fergus, mpole, mradi umwache abembeze miguu chini ya kiti anaposoma. Kitinda mimba ni Tamsin, wa miaka mitano. Wengine huzaliwa, Tamsin alifika na masharti yake.

Na sharti la mwaka huo lilikuwa kwamba hasomi. Si kwamba hakuwa na akili. Kila fahali wa baba yake alimjua kwa pembe zake. Lakini ukimfungulia kitabu, anafumba macho. Corinne alimbembeleza, akamtisha, akamhonga kwa biskuti. Mtoto akala biskuti, akafumba macho. Huku Fergus anauliza habari za kugawanya, Imogen ana mtihani, na jikoni maharage yanaungua.

Bi Hobday, anayewafundisha wanetu kwa mtandao kutoka mjini, alikuwa mpole lakini alilisema. Muhula ukiisha kabla Tamsin hajasoma kitabu chake cha kwanza mbele ya wenzake, afadhali akakae kwa bibi yake mjini, aende shule yenye kengele na uzio. Stuart akasema labda ni heri.

"Maree," Corinne akaniambia kwenye simu, "Imogen anaondoka Januari. Wakinichukulia na huyu, nitabaki kuongea na friji. Tayari naongea nalo."

"Linajibu?"

"Linanguruma. Kuliko Stuart."

Tulicheka, kisha kicheko chake kikageuka kilio. Nikampa dawa ya huku kwetu, ambayo wengi wetu tumeitumia. Asubuhi unatoka kwa mlango wa jikoni ukiwa mama, unaizunguka nyumba, unaingia kwa mlango wa chumba cha masomo ukiwa mwalimu. Unavaa kofia. Mpaka saa tisa hakuna Mama humo ndani, na hakuna wa kudekewa.

Aliniona nimechanganyikiwa, lakini kesho yake akazunguka nyumba.

"Habari za asubuhi, watoto."

"Nzuri, Mwalimu," wakaitikia wakubwa, wakibana kicheko.

Tamsin akamkagua kutoka kofia hadi miguu. "Hizo ndala ni za Mama."

"Nimeziazima."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba."

"Haya. Uzirudishe."

Tangu hapo akamwamini Mwalimu kupita tulivyotarajia. Alimpa habari zote za nyumbani: Mama ameunguza maharage tena, Mama amevaa soksi za Baba. Ila kitabu kikifunguliwa, macho yanafumbwa pale pale.

Siku moja kabla ya somo la mwisho la muhula, ambapo Tamsin alitakiwa kusoma mbele ya wenzake, wakubwa walikuwa nje wakinywa chai ya saa nne. Corinne akakaa kwenye kiti kidogo, kofia kichwani, amechoka kabisa.

"Tamsin, kwa nini hutaki?"

"Nikikwambia, hutamwambia Mama?"

"Sitamwambia."

"Imogen amemaliza vitabu vyote, ndiyo maana wanampeleka bweni. Fergus naye anasoma tu kama mjinga, na yeye atamaliza. Mimi nisipoanza, sitamaliza. Mama hawezi kubaki peke yake. Anaongea na friji."

Corinne aliniambia kwamba alitamani kuivua ile kofia na kumkumbatia. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, Mama hakutakiwa kujua. Na lililomuuma zaidi ni kwamba mtoto hakukosea.

"Ukimaliza utaondoka, ni kweli," akasema. "Lakini usipoanza, utaondoka mwezi ujao. Utapelekwa kwa Bibi."

Tamsin akafikiri. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Tulikosea."

"Vitabu viko vingapi?"

Corinne akamfungulia kabati, akamwonyesha rafu zote, mpaka masanduku ya chini.

"Na mtu akisoma polepole?"

"Hakuna anayemkataza."

Kesho yake nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu mbele ya kompyuta na mwanangu Rory, kwa kuwa yeye na Tamsin darasa lao ni moja. Uso wa Tamsin ukajaa skrini. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kusoma kitabu kizima, asikosee hata mahali pamoja. Kumbe alikuwa amejifunza zamani, kwa kuwasikiliza ndugu zake. Lakini alisoma polepole kiasi kwamba Rory alisinzia begani kwangu. Mwishoni akakifunga.

"Basi," akasema. "Kingine mwakani."

Bi Hobday alicheka mpaka akavua miwani. Mimi niliona kofia ya Corinne ikitoka mlangoni.

Alienda kuegemea tangi la maji, akalia. Kisha akanawa uso, akaiacha kofia nje, akaingia kwa mlango wa jikoni. Tamsin alikuwa ameshakaa mezani.

"Mama, Mwalimu amekwambia?"

"Ameniambia umesoma vizuri."

"Alikuwa analia kwenye tangi. Nimemwona."

"Labda ni vumbi."

"Si vumbi. Nadhani hana mtu wa kuongea naye. Mwambie awe anakula na sisi."

Corinne akatenga sahani moja zaidi, na tangu siku hiyo ikawa inatengwa kila mlo.

Januari ilipofika, Stuart akampeleka Imogen bweni. Jioni hiyo Corinne alipakua chakula. Tamsin akainuka, akaichukua sahani ya Mwalimu, akaihamishia mbele ya kiti cha dada yake.

"Akae hapa," akasema. "Kando ya Mama."