Mume Wangu Ameandika Jina Lake Chini ya Uso wa Dada Yangu

Admin, funika jina langu vizuri, kwa sababu mume wangu anafuata hii page na huwa anawacheka watu wanaoandika hapa. Leo acheke na hii.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mtoto mmoja, tunaishi Uthiru. Mchana niko kaunta ya duka la vitambaa huko tao, katikati ya mji. Mume wangu nitamwita Baba Ndanu, ingawa mtoto wetu si Ndanu. Ni fundi wa mbao. Anaunda zile mashine za gemu za kusimama, kabati refu lenye skrini na vifungo, ambazo matajiri wa Kitisuru huweka sebuleni watoto wao wacheze. Kabati ni lake. Michoro ya ubavuni ni yangu yote, tangu mashine ya kwanza. Baba Ndanu hawezi kuchora hata kuku.

Nikubali kosa langu mapema kabla hamjanirukia. Mwanzoni alinisihi nisitie sahihi. Alisema wateja wakubwa wanataka fundi mmoja anayefanya kila kitu, na wakisikia ni bibi yake anapaka rangi akitoka kazini watashusha bei. Nikakubali. Nilijiambia chema chajiuza, kumbe nilikuwa najiuza mwenyewe bila kujua.

Mwaka jana nilimchora Mwende. Huyo ni dada yangu mdogo, homa ilimchukua akiwa darasa la saba. Hatuna picha yake hata moja, ile ya shule iliharibika nyumba ilipovuja. Nilimchora kwa kukumbuka tu: mwanya wake, kovu kwenye nyusi, jerikeni ya manjano mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, anawakimbia nyani wa mtoni huku anacheka. Nilichukua miezi. Nilimwambia Baba Ndanu huu si wa kuuzwa, akasema sawa, huu ni wetu. Tukauweka kwenye mashine ya mtoto wetu, inakaa hapo kwenye banda la kazi la baba yake.

Mwezi uliopita, saa ya lunch, nilipita kwenye ukumbi mpya wa gemu mtaa wa pili kutoka kazini. Mashine zimepangwa ukutani, na kwa kila moja yuko Mwende. Amepigwa picha, akachapishwa kwenye stika, akabandikwa kama tangazo la sabuni. Chini ya miguu yake pameandikwa Msanii, halafu jina la mume wangu, majina yote matatu. Nilisimama pale na soseji yangu ya smokie mkononi mpaka mlinzi akaniuliza kama nacheza ama naangalia tu.

Jioni nilimuuliza. Hakukana. Alisema watu wa kampuni walipokuja kuagiza mashine waliupenda ule mchoro, wakataka mkataba na msanii, naye akasaini kwa vile mimi nilikuwa kazini.

"Kwani shida iko wapi?" aliniambia, bado anapiga msasa. "Mimi na wewe ni mwili mmoja. Jina yangu si ndio jina yako?"

"Basi andika yangu."

"Wacha kiburi, mama. Pesa si inaingia kwa hii nyumba?"

Iliingia, sikatai. Iliingia ikawa mashine yake mpya ya kukata mbao. Huo mwili mmoja una mdomo mmoja tu wa kula, na si wangu. Lakini hata angeniletea gunia la noti, Mwende si wake. Hakuwahi kumwona.

Kwa hasira nilipiga namba iliyobandikwa kwenye zile mashine. Mwanamke wa ofisi yao alinisikiliza vizuri. Akasema nikileta michoro yangu ya penseli na kusaini taarifa, wataondoa jina lake na kuandika mkataba mpya na mimi. Lakini Baba Ndanu aliapa mbele ya wakili kwamba kazi ni yake, kwa hivyo watampeleka kortini kwa udanganyifu. Akanipa nafasi Jumatatu asubuhi.

"Fikiria vizuri, madam," alisema. "Ukishasaini, hakuna kurudi nyuma."

Nilikuwa nimeshafikiria. Michoro niliificha chini ya ndoo ya unga, nikawa nahesabu siku. Ndipo Mama akaja kutoka Kitui kwa kliniki ya macho.

Leo tukitoka kanisani alipita kwenye banda akaiona ile mashine. Akasogeza uso karibu kabisa, akaupapasa ule mwanya kwa kidole.

"Huyu ni Mwende wangu," akasema. "Ni nani amemchora?"

Nilifungua mdomo nijibu. Baba Ndanu, nyuma yangu, akaniwahi.

"Ni mimi, mama. Binti yako alinisimulia alivyokuwa."

Mama alimshika mikono yote miwili akaibusu, akamwombea kwa Kikamba maombi marefu, akamwita mwanangu. Miaka tisa hajawahi kumwita hivyo. Na yeye akanitazama usoni, akasema amina.

Mama anarudi nyumbani Jumanne. Nikisaini kesho, itabidi ajue kwamba mikono aliyoibusu ni ya mwizi, na huyo mkwe aliyempenda leo anaweza kufungwa. Nikinyamaza, atazikwa akiamini sura ya mtoto wake ilitoka mkononi mwa mtu ambaye hakuwahi kumwona huyo mtoto. Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie ndoa ni uvumilivu, huo umeisha kama unga wa mwisho wa mwezi. Nyinyi mliowahi kuwa hapa nilipo, niambieni: nimwambie Mama kwanza, ama nisaini kwanza?

Na wewe, Baba Ndanu, kama umesoma mpaka hapa, penseli iko mezani. Mchore Mwende mara moja tu, Mama akikuangalia.