Madebe Matano Chini ya Kitanda

Watu wa Mtaa wa Mchikichi walimjua Mbaruku Sadalla kwa mambo mawili, mkate wake na woga wake. Mkate ulikuwa laini, ukiuchovya kwenye chai unakaa bila kumeguka, na kwa miaka ishirini na tatu hakuna aliyeurudisha. Woga nao haukuwa siri. Mbaruku alikuwa mtu wa kuvuka barabara akimwona askari upande wake, hata kama mfukoni hana kitu ila tasbihi na leso. Asichekwe sana lakini. Mwaka ule wa themanini na tatu, hata wenye vifua vyao walivuka barabara.

Kazi ya tanuri aliianza kijana, kwa Mgiriki mmoja mjini. Huko alifundishwa kukanda, na kupima moto kwa kuingiza mkono mtupu tanurini na kuhesabu mpaka ushindwe kuvumilia. Mgiriki alipofunga na kwenda zake, Mbaruku akajenga tanuri lake la matofali uani kwake, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Mkewe alifariki binti yao Sitara akiwa na miaka sita. Dada yake, Zamda, mjane asiye na mtoto, akahamia kumlea. Wakaishi watatu, na mkate ukawalisha.

Kisha unga wa ngano ukaadimika. Kwanza magunia yakawa nusu, halafu yakawa ahadi, halafu yakawa hadithi. Tanuri likapoa, kuku wakalifanya pa kutagia. Mbaruku akawa anakaanga mihogo na kuiuza Mnazi Mmoja, kazi aliyoifanya kwa kuinamisha kichwa, maana wateja wake wa mkate walikuwa wanapita pale pale.

Wakati huo huo Sitara akachumbiwa. Kijana aliitwa Kitwana, fundi wa karakana ya reli Gerezani, kwao Magomeni, watu wa pwani wenye adabu zao. Mbaruku alifurahi mpaka akalia, halafu akaapa mbele ya dada yake kwamba binti wa mwokaji hataolewa wageni wakitafuna mihogo. Siku ya harusi kutakuwa na mkate, mkate wa mkono wake, wa kutosha Mchikichi na Magomeni. Alichomiliki duniani cha kumpa mwanawe kilikuwa hicho tu, na alikitaka kwa moyo wote.

Hapo ndipo madebe yalipoanza. Kila unga ulipofika duka la ushirika, kadi ya kaya ilitoa kilo mbili, mwezi mwingine mara tatu, mwingine hakuna. Zamda alipanga foleni tangu alfajiri, au Sitara akitoka zamu kiwandani. Unga ukifika nyumbani, hakuna aliyeruhusiwa kuuonja. Mbaruku aliuanika juani juu ya shuka, akauchekecha mara mbili kuondoa fukusi, akauacha kivulini mpaka mkono usihisi joto, ndipo akaushindilia ndani ya debe kwa ngumi. Majani makavu ya mwarobaini aliyafunga kwenye kitambaa na kuyapanga katikati ya tabaka, wadudu waukimbie uchungu na unga usiupate. Debe likijaa, aliweka juu kabisa kipande cha mshumaa ndani ya kizibo cha chupa, akakiwasha, akafunika na kuziba ukingo kwa nta. Mshumaa ulimaliza hewa ukazimika wenyewe, na mdudu aliyebaki akazimika nao. Kando, katika bakuli la udongo, aliilisha chachu yake kijiko kimoja cha unga kila Ijumaa ili isife.

Kwa miaka miwili nyumba ile ilikula ugali wa mahindi ya njano, viazi, na mihogo iliyobaki. Uvunguni mwa kitanda cha Mbaruku madebe yakafika matano.

Zikabaki wiki tatu harusi ifungwe, na msako ukaanza. Redio ilisema walanguzi na wanaohodhi bidhaa watasakwa nyumba kwa nyumba, na kweli wakasakwa. Kariakoo ikaingiwa na kiwewe. Mtaro wa mtaa wa pili ulitoa povu siku nzima, mtu kamwaga sabuni yake ya unga. Jora zima la kitambaa lilikutwa limetupwa jalalani, na waliolikuta walilizunguka kwa mbali, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mbaruku alikaa kitandani, miguu juu, asiguse madebe hata kwa kisigino.

"Zamda, yale madebe."

"Yana nini?"

"Ni matano."

"Najua ni matano, kaka. Mimi ndiye niliyeota mizizi kwenye foleni."

"Watasema ni ghala."

"Basi nenda kwa Mama Celina umweleze. Ndiye mjumbe wetu. Mwambie ni ya harusi."

"Nikimwambia, atakuwa ameshajua."

"Si ndiyo maana ya kumwambia?"

"Na akiulizwa atajibu nini? Atasema uongo kwa ajili yangu?"

Zamda akasonya, akaenda kuchambua mchicha. Celina, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa mwanamke wa Masasi, mkali wa sauti na mwepesi wa kusaidia, na hakuwa amempeleka mtu yeyote polisi tangu achaguliwe. Lakini Mbaruku alishaamua kumwogopa.

Jioni ile alibeba debe moja mpaka chooni. Alisimama juu ya shimo, akabandua nta, akafungua. Unga ulikuwa mweupe, mkavu, safi, hauna hata harufu ya vumbi. Mkono ukagoma. Akaurudisha mfuniko, akarudi chumbani na debe lake, akajilaza. Ndipo wazo likamjia, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. Unga ni ghala, alijiambia, lakini mkate ni chakula. Nani amewahi kukamatwa kwa kuhodhi mkate? Ataoka wote. Kisha ataukata vipande na kuurudisha tanurini moto ukiwa umepungua, ukauke kabisa, uwe mkavu wa kugonga kama kibao. Mkate wa namna hiyo hukaa miezi. Siku ya harusi ni kuuchovya tu kwenye chai.

Kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Kasoro yake ilikuwa moja.

Siku ya pili Sitara alikwenda zamu ya asubuhi bila kuambiwa kitu. Mbaruku na Zamda walifukuza kuku tanurini, wakalisugua, wakajaza kuni. Chachu ikaumua unga bila ubishi. Mbaruku akakanda jasho likimtiririka, na mgongo wake, ulioinama miaka miwili juu ya karai la mihogo, ukanyooka. Aliingiza mkono tanurini, akahesabu, akautoa. Moto uko sawa. Saa nne asubuhi mikate arobaini ya kwanza ikatoka, na ya pili ikaingia.

Mwokaji hasikii harufu ya mkate wake. Pua huzoea tangu ujana, na Mbaruku alikuwa amesimama katikati ya harufu ile asijue kama ipo. Lakini Mtaa wa Mchikichi ulikuwa haujanusa mkate unaoiva kwa miaka miwili. Harufu ikapita juu ya ukuta wa uani, ikaingia madirishani, ikakata kona. Wanawake waliinua vichwa kutoka kwenye ndoo. Mtu akauliza, mwingine akaelekeza, na kama ilivyokuwa ada ya siku zile, hakuna aliyesubiri jibu. Walipanga foleni kwanza.

Mbaruku alifungua mlango wa uani kumwaga majivu, akaona jiwe, na nyuma ya jiwe kikapu, halafu tofali, ndala moja ya kushoto, kopo la maziwa lenye kadi ya kaya ndani, jiwe jingine. Mstari ulikwenda mpaka kona ukapinda. Wenye mawe walikuwa wamekaa kivulini upande wa pili, wametulia, kila mmoja analijua lake.

"Shikamoo mzee," akasema kijana mmoja akisimama kando ya tofali lake. "Tunaanza saa ngapi?"

"Kuanza nini?"

"Mkate."

"Si wa kuuza huu, mwanangu. Ni wa nyumbani."

Kijana akatazama ndani, akaiona mikate arobaini juu ya meza na mingine ikitoka. Hakuwa na ubaya, alishangaa tu. "Wote huu wa nyumbani? Kwani ulikuwa umeuficha?"

Mbaruku akarudi nyuma hatua moja. Watu waliokuwa kivulini wakasimama. Akajaribu kusema habari ya harusi, ulimi haukumsaidia. Kila alilotaka kutamka lilianzia kwenye madebe, na madebe ndiyo asiyoweza kuyataja. Alibaki na ndoo ya majivu mkononi, akitazama watu wake, majirani zake, wateja wake, na akaona hana la kufanya, kabisa hana.

Celina akafika mbiombio, kilemba chake kikining'inia. Aliona foleni, akaona mikate, akaona uso wa Mbaruku. Pale pale akashika usukani. "Haya, tulieni! Kila kaya nusu mkate, kwa kadi, bei ya serikali. Asiye na kadi asinisogelee. Mama mwenye mtoto mgongoni, pita mbele." Akachukua kisu. Alidhani anamwokoa, na kwa namna fulani alimwokoa. Hela zikaanza kudondoka kwenye bakuli, hela ambazo zisingenunua kibaba cha unga mahali popote mjini, maana unga wenyewe haukuwepo.

Kati ya mkate na mkate akamnong'oneza. "Mzee Mbaruku, umeutoa wapi unga wote huu?"

Mbaruku akaona yamekwisha. Akamwambia yote, kilo mbili mbili, miaka miwili, harusi ya Sitara.

Celina aliacha kukata. "Wa harusi? Jamani, si ungekuja tu? Ningekuandikia barua, nikaipiga na muhuri wa tawi la chama. Mwezi uliopita nimemwandikia mtu wa msiba, akaweka magunia mawili ya chakula bila kusumbuliwa." Akaitazama foleni iliyopinda kona, akashusha pumzi. "Sasa nitawaambiaje hawa?"

Mbaruku aliendelea kuoka, kwa sababu mikono ilijua kazi hiyo hata kichwa kikiwa hakipo. Debe la tatu, debe la nne. Saa saba wakapita mgambo wawili na bunduki zao kuukuu. Mbaruku akainama nyuma ya trei. Mmoja akauliza kunatolewa nini, akaambiwa. Wakashauriana. Wakasema walikuwa wanaelekea Gerezani kwa mtu wa matairi, ila matairi hayana miguu. Wakaokota mawe mawili, wakayaweka mwisho wa foleni, wakakaa kivulini na wenzao.

Ndipo Mbaruku alipojua kwamba hakuna mtu aliyekuwa anamtafuta.

Sitara alitoka zamu saa nane. Mtaa wa pili akakutana na mkia wa foleni, akauliza, akaambiwa mkate, akasimama. Angefanya nini? Harusi imekaribia, nusu mkate ni nusu mkate. Alisogea nao, akakata kona, na alipoona mlango foleni inakoingia, mlango wa kwao, akaelewa yote kwa mara moja. Angeweza kupita pembeni na kuingia nyumbani. Watu waliomfahamu walimwambia, "Sitara, wewe pita." Akakataa kwa kichwa. Akipita, watasema mwenye mali kajitengea, na baba yake ndiye atakayebebeshwa lawama. Akasimama zamu yake.

Alipofika mezani ulikuwa umebaki mkate mmoja. Alitoa kadi ya kaya kama kila mtu. Baba yake alikuwa ameshika trei, uso mweupe kwa unga mpaka kope.

"Nipe kama mtu mwingine, baba," alisema kwa sauti ndogo.

Celina akaukata mkate ule katikati, akampa nusu. Nusu ya pili akaichukua mama aliyekuwa nyuma yake. Waliobaki nyuma wakaambiwa umekwisha, wakaokota mawe yao wakaondoka. Mbaruku alikaa juu ya debe tupu akalia, hakujificha wala hakufuta, na Sitara akamwekea mkono begani kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumwekea.

Ile nusu waliikata vipande kumi na viwili, vyembamba, wakavikausha tanurini kwa moto uliobaki.

Harusi ilifungwa siku yake. Wali ulipatikana kidogo, kwa ndugu wa Rufiji, na mihogo ikajazia. Wazee wa upande wa mume walikuwa kumi na sita, wamekaa mkekani sebuleni. Chai ilipoletwa, Zamda akapeleka vile vipande juu ya sahani bora ya nyumba, amefunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Mbaruku alibaki uani, anasikiliza.

Sahani ilimfikia mzee wa kwanza. Akavitazama vipande, akawahesabu wenzake kwa jicho, akaona havitoshi. Akashukuru, akampisha wa pili. Wa pili hakuweza kula mbele ya yule aliyempisha, akampa wa tatu. Watu wale walikuwa na adabu zao, na adabu ikaizungusha sahani mkeka mzima, kwa heshima na shukrani nyingi, mpaka ikarudi mlangoni.

Zamda akaileta uani. Vipande vilikuwa kumi na viwili.

"Hawakula," alisema Mbaruku.

"Wameona haya tu, kaka. Walikuwa wengi."

"Umekuwa mgumu sana?"

"Haukuwa mgumu. Hakuna aliyeuonja hata mmoja."

"Labda una harufu ya mwarobaini. Mimi pua yangu haisikii."

"Kaka, sikiliza. Hauna harufu."

Hakumsikiliza. Alichukua kipande kimoja, akakivunja, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga. Akakitafuna taratibu, macho amefumba, akitafuta kosa. Hakuliona. Akachukua cha pili.