Kidole cha Sajenti Ndegwa chasimulia historia ya kikosi

Saa nne asubuhi, Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Jepkosgei anavuta stuli karibu na kitanda, anavua miwani na kufumba macho. Mzee Ndegwa, mkono wa kulia umelala kama si wake, anagonga trei ya plastiki kwa kidole cha kushoto. Anagonga, anakwaruza, anatulia. Jepkosgei anatamka neno moja moja, na Wariara, bintiye mzee, anarekodi kwa simu.

"Tulipanda... mlima... kwa miguu," anasema Jepkosgei. "Redio ilikuwa... nzito kuliko mimi."

Mzee anacheka bila sauti.

Jepkosgei, 57, hutengeneza redio na simu kwenye kibanda chake Kaptembwo. Zamani alikuwa koplo katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi. Aliyemfundisha Morse, ile lugha ya nukta na mistari (kugonga ni nukta, kukwaruza ni mstari), ni Sajenti Ndegwa.

"Alikuwa mkali, wacha tu. Ukikosea herufi moja unarudia ujumbe wote," anakumbuka. "Lakini hakunituma chai wakati wanaume wanafundishwa. Alinikalisha kwa mtambo kama wao."

Matanga ndiyo yaliyomsukuma kuanza kukusanya historia ya kikosi hicho.

"Kila tukizika mwenzetu nasikia, 'Huyu alikuwa jeshi.' Basi. Alifanya nini huko? Hakuna anayejua."

Akaanza kuwatembelea wastaafu kila Jumapili baada ya kanisa, simu mkononi. Wote walimwambia kitu kimoja: habari za mwanzo, enzi za hema moja na redio chache, muulize Ndegwa.

Alipofika Bahati mwaka jana, Wariara alimpokea mlangoni.

"Auntie, umechelewa. Baba alipigwa na stroke. Haongei tena, hata kalamu haikai mkononi."

Jepkosgei aliingia tu kumsalimia. Alikuwa ameshika kikombe cha chai aliposikia kidole kikihangaika juu ya trei. Nyumbani walidhani ni mtetemeko wa ugonjwa.

"Nikaweka kikombe chini. Mzee alikuwa anasema, 'Niko hapa. Niko hapa.' Anarudia hivyo hivyo, kama mtu anaita kituo na hakuna anayejibu."

Alichukua kijiko, akagonga na kukwaruza kwenye trei hiyo hiyo: *Nakupata, Sajenti.*

Mzee alilia. Wariara, mkulima wa viazi asiyependa maneno mengi, bado hulengwa na machozi akisimulia.

"Nilikuwa namfunika ule mkono na shuka ndio apumzike. Kumbe namziba mdomo."

Na neno la kwanza kwa bintiye baada ya miezi mitatu ya kimya? "Alisema uji wangu hauna sukari," anasema Wariara, akicheka huku anapangusa macho.

Historia inatoka polepole, kwani kidole huchoka. Wiki moja kilisimulia mafuriko huko kaskazini, ambako Ndegwa na mwenzake Kipketer walibeba redio hadi kwenye kilima wakaita helikopta kuokoa familia zilizozingirwa na maji. Kipketer alirudi chini kumfuata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mama na mtoto walifika juu. Yeye hakuonekana tena.

Mjane wake, Jemutai, alikuwa ameambiwa tu kwamba mumewe alisombwa na maji. Jepkosgei alimpelekea rekodi hiyo Eldama Ravine. Jemutai aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Weka tena."

Sasa Jepkosgei anamfundisha Wariara Morse, ili mzee asingoje mgeni ndipo aongee. Wariara bado huchanganya herufi, na babake humfanya arudie ujumbe wote.

Desemba, wastaafu waliobaki wamealikwa hapa Bahati kusikiliza historia yao.

"Sitaki kusimama mbele siku hiyo," anasema Jepkosgei. "Mzee agonge, msichana wake atusomee. Mimi nataka kukaa nyuma na wenzangu, nisikilize sajenti wetu akiongea."