Kichupa Kilichosahaulika Mezani

Maabara nzima ilimwita Mama Hewa, na si kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ya ufundi hapo ilikuwa moja: kukinga kimeng'enya kinachotengeneza haidrojeni kisiguswe na hewa. Protini hiyo imejikunja kama uzi uliofungwa kidonge, na katikati kabisa imeficha madini yake. Gesi huingia na kutoka kwa njia nyembamba. Haidrojeni ikipita, kazi inaendelea. Oksijeni ikipenya, kimeng'enya kwisha habari yake. Ndiyo maana alishinda mikono imo ndani ya glavu za sanduku lililofungwa, akimfokea kila aliyegusa mlango wake.

Siku moja alisahau kichupa mezani, wazi, toka asubuhi hadi saa kumi. Kilikuwa na aina mpya: kwenye njia ya gesi, kiungo kimoja kidogo cha protini kilikuwa kimebadilishwa, kikawekwa kikubwa. Alipokiona, alijua kimeharibika. Angekimwaga, nani angejua? Lakini yeye si mtu wa kona kona. Aliandika daftarini, "Uzembe wangu," akatia sahihi. Kisha, kwa mazoea tu, akapima. Kimeng'enya kilikuwa hai. Kivivu, kweli, maana njia iliyobanwa iliichelewesha hata haidrojeni. Lakini oksijeni ilikuwa imekwama mlangoni.

Profesa, mkuu wa maabara, ambaye macho yake hukimbilia makosa, alisoma yale maneno mawili tu. Kesho yake barua ya onyo ikatoka, na mwenye onyo hapandi cheo. Vipimo alivisoma wiki iliyofuata, akaja mbio.

"Mama, rudia. Mara tatu, vilevile."

Akarudia.

Makala ya ugunduzi huo ilipotoka aliisoma amesimama. "Tulikiacha kichupa hewani kwa makusudi," ilisema, na hao waliokiacha walikuwa watano, yeye hayumo. Hilo alilimeza. Lakini nafasi ya fundi mkuu ilikuwa imetangazwa, naye amebakiza miaka miwili astaafu, kwa hiyo akaenda kuomba onyo lifutwe.

"Nikilifuta nitakuwa nimesema haukuwa uzembe," Profesa alisema. "Sasa tuseme ulikuwa nini?"

"Si mmeandika makusudi?"

"Makusudi yetu, mama." Akamsogezea daftari, kidole kwenye sahihi.

Alitoka bila kuaga. Alijuta kuandika ukweli, na majuto hayo yalimuuma kuliko onyo lenyewe.