H ya Balozi

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa fundi cherehani, na daftari lake lilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na nyuzi na vifungo. Humo alimwandika kila aliyelala katika nyumba zetu kumi, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo: katoka wapi, anafanya nini, anaondoka lini. Mimi sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa karani mpiga chapa serikalini, kutwa napiga barua zinazogongwa muhuri wa SIRI, na nilijua kwamba mtu akishaandikwa, inayosikilizwa ni karatasi.

Tena tulimcheka. Alikuwa mtu wa kusini, na herufi h alikuwa akiitia pasipotakiwa. "Hasubuhi njema, ndugu karani. Hunaenda kazini?" Mimi ni wa Pangani, na sisi tunajiona tumezaliwa na Kiswahili mdomoni. Nilikuwa namwigiza ukumbini mpaka wapangaji wenzangu wanashika mbavu.

Kisha akaja dada yangu, na kikapu kimoja na jicho limevimba. Alikuwa amemkimbia mumewe. Miaka hiyo mgambo walipita mitaani wakisaka wasio na kazi, na asiye na kazi alipandishwa lori akarudishwa kwao akalime. Kwa dada, kurudishwa kwao kulikuwa kurudishwa mlangoni kwa yule mwanamume.

Balozi alikuja siku ya pili kuuliza. Nilimjibu kwamba ni mgeni, amekuja hospitali, tumbo linamsumbua. Siku tatu baadaye muuza maandazi wa jirani akampa dada pole ya tumbo. Sikukumbuka kwamba nilijibia ukumbini, na kuta za nyumba ile hazikufika darini. Nilijua moja tu: balozi anatutangaza. Nikavuka barabara hadi barazani kwake.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka kusoma alichoandika kuhusu sisi. Akaisukuma droo kwa goti ikafunga.

"Habari ni zako zikiwa mdomoni mwako," alisema. "Zikihingia humu ni za chama."

Nikamuuliza, na kama zimeandikwa vibaya, nani atazisahihisha? Akasema yeye haandiki uongo, akarudi kwenye suruali aliyokuwa anaipinda. Siku hiyo nilimkataza dada kuzungumza naye zaidi ya salamu. Dada akasema sawa, huku anachambua mchele, bila kuniangalia.

Jumamosi moja nilitoka kazini mapema. Dada hakuwepo chumbani, nikadhani yuko sokoni. Nikavuka hadi barazani kwa balozi; alikuwa ameenda kuswali adhuhuri na droo haikufungwa vizuri. Nilijifanya namsubiri, nikalitoa daftari. Nilipitia kwanza kurasa za majirani, nakiri, na sikuona haya: nani anaishi na mwanamume bila ndoa, nani ameleta mjukuu kimya kimya. Ndipo nikaufikia ukurasa wetu. "Dada wa karani. Hana kazi." Chini yake palikuwa na maneno mengine, sikuyasoma. Damu ilikuwa imenipanda. Niliuchana ukurasa nikaenda kuutia kwenye mkaa, chini ya chungu cha maharage, nikajiona mjanja. Nilidhani asiyeandikwa hasakwi.

Mgambo walikuja Jumatatu asubuhi, sijaondoka kwenda kazini. Wakatupanga uani, balozi akaitwa na daftari lake. Alisoma chumba hadi chumba, kuli, dereva, mpishi, na kila aliyetajiwa kazi yake aliachwa. Alipofika kwetu akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Akapitisha kidole pale palipochanika. Alinitazama mimi, si dada.

"Huyu nilimwandika," alimwambia mkuu wao. "Hana kazi. Hanashona vifungo kwangu."

"Kama hana kazi, unamtetea nini?"

"Hanayo," balozi alisema, jasho linamtoka. "Mkuu, hanayo kazi."

"Basi mzee, tumekusikia."

Nilielewa palepale alichokuwa anasema, na alichokuwa ameandika. Nikasema kwa Kiswahili changu cha Pangani, kila herufi mahali pake, kwamba ana kazi, balozi anasema anayo. Yule mkuu akaniuliza imeandikwa wapi. Wakamshika dada mkono kumpeleka kwenye lori.

Pale kwenye lori dada alinieleza haraka haraka. Tangu wiki ya pili, nikishaondoka kwenda ofisini, alikuwa anavuka barabara na kushona vifungo; Jumamosi ile alikuwa ametumwa kununua nyuzi. Balozi ndiye aliyemwomba, apate kumwandika mwenye kazi bila kuandika uongo. Dada alinificha kwa sababu nilimkataza. Aliniuliza kwa nini ukurasa haukuwepo. Nilimwambia sijui. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu siku ile, na lilikuwa uongo.

Kesho yake jioni, narudi kazini, balozi aliniita barazani. Hakuniuliza lolote kuhusu ukurasa. Alilitoa daftari, akalifungua, akaniwekea mikononi, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu mtaani petu. Palikuwa na mstari mmoja mpya, wino haujakauka vizuri.

"Dada wa karani. Hameondoka."

"Soma mwenyewe," alisema, akininyooshea kalamu. "Kama nimehandika vibaya, sahihisha."

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia ni sawa, nikamrudishia kalamu yake, na ile h sikuigusa.